Mto haufahamiki kwa ziara ya siku moja

Shule zetu zina ada moja iliyozoeleka. Mara moja kwa mwaka, aghalabu wakati wa jua, wanafunzi hupakiwa kwenye basi, hupelekwa mbali, hupigwa picha, kisha hurejeshwa shuleni kabla ya magharibi. Sizipingi safari hizo. Hata hivyo, zinamwonyesha mtoto sura moja tu ya nchi yake, ilhali mto una sura nyingi.

Chukua mfano wa msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao nimeutembelea katika misimu yote. Humo mna njia inayoandamana na Mto Karura hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango ambayo yasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo miaka ya 1950. Si njia ya kuhangaisha magoti. Mwanafunzi wa darasa la nne aiweza, na babu yake pia.

Katika kiangazi cha Januari na Februari, mto hunywea, mawe yakajitokeza, na majani makavu yakalia chini ya viatu. Masika yajapo, mwishoni mwa Machi, njia hugeuka tope linalong'ang'ania soli, na maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo nionapo chupa za plastiki zilizotupwa na watu wanaoishi huko mto utokako. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta ukungu na baridi ya kuhitaji sweta, nayo maji hutakata tena. Mvua za vuli zianzapo, kumbikumbi hutoka ardhini na ndege wakapata karamu.

Mwalimu wa jiografia hahitaji ubao mahali hapo. Maji ya Karura hatimaye huingia katika Mto Nairobi, ambao humwaga maji yake katika Mto Athi. Athi ndio uitwao Galana huko mbele, kisha Sabaki, hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Wakaao Malindi wajua jinsi bahari igeukavyo kahawia nyakati za mvua. Mwanafunzi aliyekwisha kuliona tope hilo likipita miguuni pake hatasahau maana ya mmomonyoko wa udongo, hata baada ya mtihani.

Mwalimu wa historia naye ana lake. Msitu huo, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya 1990 sehemu yake kubwa iligawiwa watu binafsi kwa siri. Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti humo, na mwezi uo huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana jijini kuutetea. Naam, wanafunzi! Kijana atembeaye leo kando ya mto huo anapita mahali palipookolewa, miongoni mwa wengine, na vijana wa rika lake.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Mito mingi ya miji yetu haina njia ya kupita mtu. Kingo zimejengwa hadi majini, na kwa kuwa hakuna apitaye, hakuna aonaye mto ukizibwa au ukimwagiwa uchafu. Maji hayasahau mkondo wake. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na jijini Nairobi wakazi wa kando ya Mto Mathare walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua walimu watauliza: nauli na kiingilio vitoke wapi, na silabasi itamalizwa lini? Jibu langu ni kwamba si lazima iwe Karura. Shule nyingi zina kijito ambacho wanafunzi hukivuka kila siku bila kukitazama. Wapelekwe hapo mara nne kwa mwaka, mahali palepale, saa moja tu. Wapime kina kwa fimbo iliyotiwa alama, waandike rangi ya maji, wahesabu aina za ndege na za taka. Mto ukifurika, watazame kutoka mbali. Nalo ni somo. Mtaala wa umilisi wadai mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na kazi hii haihitaji maabara.

Nanyi wanafunzi, msingoje basi la shule. Jumamosi moja mwombeni mzazi au mwalimu afuatane nanyi, mkakitazame kijito chenu. Kisha mrudi huko mvua ziishapo, mkalinganishe. Atakayeyajua maji hayo kwa mwaka mzima ndiye atakayekuwa wa kwanza kupaza sauti siku yatakapoanza kuzibwa.