Ndovu Amebomoa Ukuta? Usianze na Udongo, Anza na Gunia

Leo tuongee mambo ya nyumbani, hasa sisi tunaotoka pande za Voi, Sagalla, Mwatate, Taveta, na ndugu zetu wa Kwale karibu na Shimba Hills. Ndovu akiingia shambani kila mtu ana la kusema. Lakini akibomoa nyumba yenyewe je? Ukuta uko chini, mabati yamekunjika, watoto wanalala kwa jirani. Wengi wetu asubuhi tunashika jembe, tunakoroga udongo, tunaziba. Baada ya wiki mbili jamaa amerudi, tena palepale! Kwa nini?

Jibu ni fupi: umeziba tundu, lakini kilichomleta bado kiko ndani.

KILICHOMLETA NI HARUFU
Ndovu haoni mbali sana, lakini pua yake si mchezo. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndovu wa Afrika ana jeni karibu 2,000 za kunusa. Mbwa, tunayemsifu kila siku kwa kunusa, hafikishi hata nusu ya hizo. Sasa fikiria mnyama anayeweza kula kilo 150 kwa siku, ni kiangazi, nyasi zimekauka, halafu upepo unamletea harufu ya mahindi, unga, chumvi au pombe ya kienyeji. Ukuta wa udongo kwake ni kama karatasi. Na sisi kwa kuogopa wezi tunaweka magunia chumbani, wakati mwingine chini ya kitanda cha watoto. Hapo ndipo hatari ilipo: anayetafuta mahindi anampata mtu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ukarabati ni kuyatoa magunia humo. Chakula kikae kwenye ghala lake, mbali na mahali watu wanapolala. Ghala la bati linalofungwa vizuri ni bora zaidi. Ndiyo, mwizi ni tatizo, lakini gunia likienda utanunua lingine. Mtoto je?

KABLA HUJAGUSA KITU
Kama ni usiku, usitoke na tochi kumfukuza. Ndovu mzima anakimbia kukushinda. Kaeni upande wa mbali na alipo, pigeni simu, ngojeni kuche. Asubuhi, kabla ya kufagia, fanya haya:

1. Piga picha. Ukuta ulioanguka, nyayo, kinyesi, magunia yaliyopasuliwa. Picha za mbali na za karibu.
2. Ripoti kwa KWS na kwa chifu. Omba afisa aje ajionee.
3. Andika orodha ya kila kilichoharibika. Ukinunua mabati au saruji, tunza risiti.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 25, haisemi mimea na mifugo peke yake. Inataja pia mali nyingine, na nyumba ni mali. Dai linapelekwa kwa kamati ya fidia ya kaunti, na hesabu ni kwa bei ya soko. Lakini soma na upande wa pili: kifungu hichohicho kinasema hulipwi kama hukuchukua hatua za maana kulinda mali yako. Kwa hiyo lile ghala la pembeni linaweza kukutetea pia siku ya dai.

Tuseme ukweli, malipo yanachelewa. Kuna familia zimesubiri miaka. Usiache nyumba wazi ukingoja hundi! Ukishapiga picha na afisa akishaona, anza kujenga.

Na hapa wewe unayesoma ukiwa saiba una kazi. Wazazi wengi hawajui kuskani wala kuchapisha. Chapa picha, toa nakala ya fomu, weka nakala kwenye barua pepe yako. Karatasi zikipotea ofisini, zako zipo.

SASA TUJENGE
Nyumba ya udongo: kwanza egemeza paa kwa nguzo panda, ndipo utoe kifusi. Tumia jembe, si mikono, maana nyoka hupenda kujificha humo. Tikisa kila nguzo iliyobaki. Inayocheza au iliyopasuka itoe, hata kama inaonekana imesimama. Chimbia mpya, funga fito, halafu kandika. Udongo wa kichuguu unashika vizuri. Uchanganye na nyasi zilizokatwakatwa, uulaze usiku kucha ukiwa na maji. Mkono wa kwanza ukikauka utapasuka, usishtuke. Mkono wa pili, wenye mchanga na kinyesi cha ng'ombe, ndio unaofunga nyufa.

Nyumba ya matofali: ufa mdogo kwenye plasta ni jambo dogo. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata matofali, au kona iliyoachana, usiufiche kwa saruji. Huo ukuta umesukumwa kutoka mahali pake. Fundi aushushe mpaka penye uimara na kujenga upya.

Kama kuna stima, usiguse waya ulioning'inia. Ita watu wa umeme. Na tangi la maji? Lisibandikwe kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Kiangazi ndovu hufuata maji kama anavyofuata mahindi.

ASIRUDI
Pilipili inasaidia: vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, vikaning'inizwa kwenye kamba kuzunguka boma. Mvua ikinyesha, rudia. Kule Sagalla wakulima wanatumia uzio wa mizinga ya nyuki, mizinga imeunganishwa kwa waya; ndovu akigusa, yote inatikisika na nyuki wanatoka. Utafiti wa miaka 9 huko, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kwamba misimu ya mavuno uzio huo ulizuia zaidi ya robo tatu ya ndovu waliokaribia. Lakini ukame ukipiga nyuki wanahama, na mizinga ni ya shamba, si ya mlangoni penye watoto.

Hakuna dawa moja. Ila ukinibana niseme moja tu la kufanya leo jioni ukifika nyumbani: angalia gunia liko wapi, na nani analala karibu nalo.

Kwenu mmefanyaje? Kuna aliyedai fidia ya nyumba akalipwa? Andika hapo chini, wengine tujifunze. Tukutane tena!