Je, Wajua? Raha Iliyomo Ndani ya Ndoo ya Mipira ya Gofu

Mtu akifika kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu, ile renji ya kulipia ndoo ya mipira na kuipiga kuelekea kwenye bendera zilizochomekwa mbali, kwa kawaida huchomoa kwanza fimbo ndefu kuliko zote, draiva. Anataka kujua mpira wake unafika wapi. Ndoo ikifika nusu, mgongo unalalamika, kiganja kimeota lengelenge, na mwenzake aliyeletwa siku hiyo kwa mara ya kwanza ameshakaa kwenye benchi anachezea simu. Simlaumu. Swali la "unafika wapi?" lina mshindi mmoja tu, na anajulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Liwe "umekaribia kiasi gani?", hapo bibi, mjukuu na bingwa wa klabu wanaweza kushindana mpaka taa zizimwe.

Je, wajua kwamba kuna kampuni iliyotajirika kwa kubadilisha swali hilo tu? Mapacha wawili wa Uingereza, Steve na Dave Jolliffe, walikuwa wakienda kufanya mazoezi na kurudi wamechoshwa. Tatizo walilolibaini ni jepesi ukilisikia: mipira yote inafanana. Wakipiga watu watano kwa pamoja, nani ajue ni mpira wa nani ulioanguka karibu na bendera? Wakaweka chipu ndogo ndani ya mpira. Mashine inausoma mpira ukiwa kwa mpigaji, inausoma tena unapotumbukia kwenye shabaha, na jina lako linapanda au kushuka kwenye skrini. Mwaka 2000 walifungua ukumbi wa kwanza wa Topgolf mjini Watford, karibu na London. Mwaka 2005 wakavuka hadi Alexandria, jimbo la Virginia, na mwaka 2021 jumba la aina hiyo likafunguliwa Dubai.

Chipu ndiyo inayosifiwa, ila kwa maoni yangu akili kubwa imo kwenye shabaha zenyewe. Ni mabeseni mapana ardhini, mengine karibu na mengine mbali, na kila moja limegawanywa vipande vyenye pointi tofauti. La karibu kabisa linafikika hata kwa anayeshika fimbo kwa mara ya kwanza maishani. Mpira wake ukijiburuza tu hadi ndani, anapata kitu. Hatoki na sifuri, na asiyetoka na sifuri hurudi wiki ijayo.

Siku hizi hata chipu si lazima. Msweden Daniel Forsgren alibuni teknolojia ya kamera inayoufuata mpira angani na kuuchorea mstari kwenye picha. Kampuni yake ya Protracer ilianza mwaka 2006 kwa ajili ya matangazo ya televisheni. Topgolf waliinunua mwaka 2016, ikawa Toptracer, na sasa inafungwa kwenye renji za kawaida duniani kote.

Na pasipo kamera wala chipu? Pana maneno. Wachezaji wawili au watatu, kila mmoja achague neno. Wa kwanza anatangaza mpigo: "Kati ya bendera nyekundu na ule mti, kwa fimbo namba 7." Akifaulu, wenzake lazima wauige. Anayeshindwa anaandikiwa herufi ya kwanza ya neno lake, na neno likikamilika ametoka. Utamu uko kwenye kuchagua neno. Bingwa apewe PAA, yaani makosa matatu na kwaheri. Mchezaji wa wastani achukue SIMBA. Mgeni apewe KILIMANJARO, herufi 11 nzima, na atakuwa bado anacheza wakati bingwa anatafuta soda.

Je, wajua kwamba mfumo wa pointi unaotumika kwenye mashindano mengi ya klabu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ulibuniwa na daktari aliyechoshwa na upepo? Dakta Frank Stableford aliujaribu kwanza mwaka 1898 huko Penarth, Wales. Alipokuwa mwanachama wa klabu ya Wallasey, kando ya bahari ya Ireland, aliona watu wakikata tamaa mapema. Kwa hesabu ya zamani ya kujumlisha mikwaju yote, upepo ukikuharibia shimo moja, siku yako nzima imekwisha. Mashindano ya kwanza rasmi kwa mfumo wake yalichezwa hapo Wallasey mwaka 1932. Ukimaliza shimo kwa idadi ya mikwaju unayotarajiwa, pointi 2. Ukizidisha mmoja, pointi 1. Ukipunguza mmoja, pointi 3. Ukiharibu vibaya zaidi ya hapo, sifuri tu. Okota mpira, nenda shimo linalofuata.

Fikra hiyo ya kutomwadhibu mtu zaidi ya sifuri ndiyo ya kuhamishia renji. Kila mtu atangaze bendera yake kabla ya kupiga. Mpira ukitulia hatua tano au chini ya hapo kutoka benderani, pointi 4. Hatua kumi, pointi 2. Ukienda upande sahihi bila kufika huko, pointi 1. Ukitoroka kabisa, sifuri. Bendera ya karibu na ya mbali zina thamani sawa, na hapo ndipo vijana wenye misuli huanza kulalamika. Waache walalamike.

Hebu mfikirie mama wa miaka 60 na mpwa wake mwenye draiva mpya. Mama anatangaza bendera ya mita 50, anashika fimbo fupi, anapiga nusu mpigo bila kukunja uso. Mpira unaruka kimo cha mtu, unadunda mara mbili, unatulia hatua tatu kutoka benderani. Mpwa anatangaza ile ya mita 200. Mlio unageuza vichwa vya watu wote, mpira unapinda kulia, unapinda tena, unatua karibu na uzio wa majirani. Sifuri. Inarudi zamu ya mama, anarudia vilevile.

"Shikamoo shangazi," anasema kijana, na hii si salamu tena, ni kusalimu amri.

"Marahaba. Lete ndoo nyingine."

Wanaotaka mizani kamili zaidi wana handikapu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji dhaifu. Tangu mwaka 2020 dunia ina mfumo mmoja wa handikapu, ulioasisiwa na The R&A pamoja na chama cha gofu cha Marekani, USGA, kuchukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwapo. Kikomo chake ni 54, kwa wanawake na wanaume sawasawa. Uwanja una mashimo 18, kwa hiyo anayeanza anaweza kubeba mikwaju mitatu ya ziada kwa kila shimo. Michezo mingi humwambia mgeni akafanye mazoezi kwanza ndipo aje kucheza na wakubwa. Gofu inamwambia aje leo, na hesabu itamlinda.

Je, wajua kwamba anayecheza michezo hii huenda anajifunza kuliko jirani yake mwenye uso wa kazi anayepiga fimbo moja mara hamsini? Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio ambalo makocha hawajaacha kulinukuu. Watu walifundishwa kuangusha vibao vidogo vya mbao kwa mkono, haraka iwezekanavyo, kwa mifuatano mitatu tofauti. Kundi moja lilirudia mfuatano wa kwanza mpaka likaumaliza, likaingia wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa: mara huu, mara ule. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana hodari zaidi. Walipopimwa tena baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamebakiwa na ujuzi.

Kupiga fimbo ileile kwenye bendera ileile kunakupa starehe ya kujiona umeweza. Ukiwa uwanjani, hata hivyo, hakuna atakayekupa nafasi ya pili ya mpigo uleule, achilia mbali ya hamsini. Mchezo wa maneno au wa pointi unakulazimisha kubadili fimbo, shabaha na mawazo kila zamu, na huko kuhangaika ndiko kunakobaki mwilini.

Njia nzuri kuliko zote ya kuchanganya ni kucheza uwanja usiokuwapo. Chagueni uwanja mnaoujua, Lugalo au Royal Nairobi, na mwucheze wote kutoka kwenye zulia moja la plastiki. Shimo la kwanza: piga draiva kati ya bendera mbili. Umefaulu? Kadirieni mita zilizobaki, badili fimbo, lenga bendera ya umbali huo. Umekosa? Uko vichakani, mpigo unaofuata lazima uwe mfupi wa kujinasua. Mkichagua uwanja wa Jinja, Uganda, msisahau kanuni yake iliyopata umaarufu duniani: mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko huokotwa na kusogezwa bila adhabu. Mnaweza kubishana wenyewe kama kiboko alipita hapo au la.

Sasa kidogo kuhusu mpira, maana wengi hudanganywa nao. Mpira wa mashindano hauruhusiwi kuwa na kipenyo cha chini ya milimita 42.67 wala kuwa mzito kuliko gramu 45.93. Mpira wa ndoo ni kitu kingine: ganda lake huwa gumu zaidi ili udumu, umepigwa mara zisizo na idadi, na mara nyingi hauendi mbali kama ule wa dukani. Zulia nalo lina uongo wake. Ukigonga chini kabla ya mpira, fimbo huteleza juu ya plastiki na mpira unaondoka vizuri tu. Kwenye majani ungechimba shimo. Ongeza na mwinuko: hewa ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, na mpira husafiri mbali kuliko Mombasa kwa takribani asilimia 6 hadi 10. Kwa hiyo Mnairobi anayejivunia umbali wake akiteremka pwani hupata mshangao. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhesabu ukaribu na kuachana na mita.

Vile vishimo vidogo kwenye ganda, kati ya 300 na 500 kwa kawaida, si urembo. Mpira laini kabisa ungefika karibu nusu tu ya umbali. Wachezaji wa karne ya 19 waligundua hilo kwa bahati: mipira yao ya utomvu wa gutapacha ilipokuwa mipya na laini ilianguka haraka, ikishajaa makovu ikaruka vizuri. Mwaka 1905 mhandisi William Taylor wa Leicester akasajili hataza ya vishimo.

Aliyewahi kuupenda mpira huo kuliko wote labda ni Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia wa Edinburgh. Alitaka kujua mpira unajizungusha kiasi gani ukiwa hewani, enzi ambazo hakuna kamera ya kuuona. Akaufunga utepe mrefu, mpira ukapigwa kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha akahesabu utepe umejisokota mara ngapi. Akathibitisha kwamba mpira hubebwa juu na mzunguko wa kurudi nyuma. Mwanawe Freddie, aliyezungukwa na hesabu hizo nyumbani, alitwaa ubingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na 1898. Profesa huyohuyo alipaka mipira kemikali ya kung'aa gizani ili acheze usiku huko St Andrews na marafiki zake wanasayansi, Thomas Huxley akiwamo. Mchezo ulikatika glavu ya mmoja wao, Profesa Crum Brown, iliposhika moto. Renji za leo zenye mipira ya kuwaka usiku zimechagua njia salama zaidi.

Je, wajua kwamba renji ya mbali kuliko zote ilikuwa mwezini? Februari 1971 mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14 alichomeka kichwa cha fimbo namba 6 kwenye mpini wa kifaa cha kuchotea udongo, akapiga mipira miwili kwa mkono mmoja, maana vazi lake halikumruhusu kutumia yote miwili. Alitangaza kwamba wa pili umekwenda maili na maili. Picha zilipochambuliwa upya miaka 50 baadaye, wa kwanza ulionekana umefika mita 22 na wa pili mita 37. Kwa mfumo wa pointi wa shangazi yetu, kama kungekuwa na bendera karibu, pengine angeambulia kitu.

Kitu cha mwisho ni lile gari lenye kibanda cha wavu linalozunguka renji kukusanya mipira. Wavu umewekwa kwa sababu, na karibu kila mpigaji duniani, mwenye handikapu 2 au 54, huliona na kubadili shabaha papo hapo. Renji nyingi hukataza. Nyingine hunyamaza. Lakini linatembea, na kulipata linapokwenda kunahitaji kukadiria litakuwa wapi mpira utakapotua, hesabu ambayo mipigo mingine yote ya siku hiyo haikuidai.