PUNJE NYEUSI ZA MATEMA

Mchele wa Kyela unajulikana kwa harufu yake. Harufu hiyo ni kitu kidogo mno ndani ya punje, mizani ya dukani haiwezi kukipima, lakini ndicho kinachopandisha bei, na ndicho kinachowafanya wajanja wa sokoni wachukue mchele wa kwingine na kuuita wa Kyela. Juma hili tuzungumzie punje za aina nyingine kutoka huko huko, ambazo nazo hutambulika kwa kitu kidogo.

Ukifika Matema, ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu uipitishe juu ya michirizi myeusi iliyoachwa na mawimbi. Punje zitakazonasa ni magnetiti, madini ya chuma na oksijeni, nayo ni ya ukoo wa spineli. Katika ukoo huo yamo pia mawe mekundu ya vito ya Mahenge, ambako mwaka 2007 lilichimbwa pande la zaidi ya kilo 50. Kwa sura hawafanani hata kidogo, ila nyumba yao ina ramani moja: oksijeni ni kuta, na vyumba hukaliwa na metali. Mahenge wenye nyumba ni magnesi na alumini; katika magnetiti ni chuma. Halafu wapo wapangaji wachache: kromi, titani, vanadi, zinki. Nani apate chumba hutegemea mtaa, yaani mahali jiwe lilipozaliwa.

Spineli ya Mahenge ilizaliwa ndani ya marumaru, mwamba wenye chuma kidogo sana. Hivyo kromi kiasi cha chembe tu ikatosha kuipa wekundu. Chuma kingekuwa kingi, jiwe lingekuwa jeusi na sonara asingelitazama mara mbili.

Turudi ziwani. Mito ya Kiwira na Mbaka hushuka kutoka kwenye volkano za Rungwe, mojawapo ikiwa Kyejo, iliyotoa lava mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Vijito vya Milima ya Livingstone hushuka kutoka kwenye miamba ya kale zaidi, iliyopikwa upya chini ya ardhi. Magnetiti ya lava ilipoa haraka, ikabaki na titani nyingi ndani yake. Ile iliyopikwa na kupoa polepole imeshaifukuza titani, ikaenda kujijengea nyumba yake pembeni. Maabara hutoboa punje kwa mwali wa leza, tundu jembamba kama unywele, na kuhesabu hata sehemu moja katika milioni. Kwa hesabu hiyo punje hutaja mlima wake.

Mtu wa Kariakoo atauliza, haya yananihusu nini? Fuata milima hiyo hiyo kuelekea kusini-mashariki utafika Liganga, wilayani Ludewa. Wakinga wa milima hii walikuwa wakifua majembe na kuwauzia Wanyakyusa tangu zamani, kwa hiyo habari ya chuma si ngeni huko. Magnetiti ya Liganga ilitokana na uji wa mwamba uliopoa taratibu kilindini. Oksidi ya titani ndani yake hupita asilimia 10, na vanadi haifiki asilimia moja. Titani hiyo katika tanuru la kawaida huyafanya mavi ya chuma yawe mazito kama ugali, yakagoma kutiririka. Vanadi, kidogo ilivyo, huufanya ugumu wa chuma cha pua uongezeke, na viwanda duniani huitafuta.

Mwaka 2011 shirika letu la NDC lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuhusu chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Mikataba ni mambo ya wakubwa, lakini swali moja hata mimi na wewe tunaweza kuliuliza: mzigo ukipimwa kwa tani za chuma peke yake, hiyo vanadi na titani vitakuwa vimelipiwa na nani?