Kutoka Machimboni hadi Mahakamani: Haki kwa Wanawake Waliobakwa

Kamituga ni mji wa dhahabu katika Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Huko wanawake wengi hutwanga mawe yaliyochimbwa na wanaume mpaka yawe unga, kisha unga huoshwa ili kupata dhahabu. Mila za machimboni huwakataza wanawake kuingia shimoni, kwa hiyo mawe huyapata kwa hisani ya wenye mashimo. Utegemezi huo ndio chanzo cha dhuluma: mwanamke hudaiwa ngono ili apewe mawe, na akikataa hukosa riziki. Katika machimbo mengine ya eneo hilo, watu wenye silaha pia wamebaka wanawake.

Sheria ipo. Tangu Julai 2006, ubakaji nchini Kongo huadhibiwa kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Kesi inapaswa kumalizika ndani ya miezi 3, mlalamikaji ana haki ya kuwa na wakili, na faini inayolipwa kwa maridhiano haifuti kesi.

Hata hivyo, msaada wa kwanza ni wa tiba. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na daktari huandika cheti kitakachotumika mahakamani. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, huunganisha matibabu, ushauri nasaha, wakili na mafunzo ya kujitegemea.

Tatizo ni kuifikia huduma hiyo. Barabara ni mbovu, nauli ni ghali, na familia nyingi huona aibu na kuyamaliza nyumbani. Mahakama zinazotembea hupunguza umbali: mwaka 2011, huko Baraka, pia katika Kivu Kusini, mahakama ya kijeshi ilimhukumu luteni kanali kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji uliofanyika Fizi.

Desemba 2022 ilipitishwa sheria ya fidia, na mfuko wake hupata sehemu ya mrabaha wa madini. Lakini fidia hiyo inawalenga waathirika wa vita. Mtwangaji aliyelazimishwa na mwenye shimo bado anategemea mahakama ya kawaida. Ndiyo maana anahitaji pia ushirika wenye mtaji wa kununua mawe, ili asiombe riziki kwa mtu anayemdhulumu.