Boksi la honi: kwa nini besi nzito inahitaji njia ndefu

Spika ndogo ya honi iliyofungwa juu ya msikiti au kwenye gari la matangazo husikika hadi kijiji cha pili, ingawa amplifaya yake mara nyingi ni ya wati 30 au 50 tu. Ukiipigia muziki wa harusi, sauti ya mwimbaji utaisikia vizuri, lakini ngoma ya chini hutaisikia kabisa. Inafika mbali kwa umeme mdogo, halafu haina besi. Mambo yote mawili yanatokana na kitu kimoja, nacho ni umbo la honi.

Msikilizaji, ukilielewa umbo hilo unaweza kumsimamia seremala akakujengea boksi la besi linalotikisa uwanja kwa jenereta dogo. Usipolielewa utalipia mbao, ufundi na rangi, kisha upate kabati zito lenye mdomo mpana na sauti ya kawaida. Makala haya ni kwa ajili yako unayekodisha muziki kwenye harusi, minada na mikutano, au unayefikiria kuweka fedha za mavuno katika kazi hiyo.

Honi inafanya nini?

Kanyaga baiskeli iliyochomoka mnyororo. Miguu inazunguka kwa kasi, lakini safari haiendi, kwa sababu nguvu yako haijashikana na gurudumu. Koni ya spika ya besi iko katika hali kama hiyo. Inasukuma hewa mbele na nyuma, lakini hewa ni nyepesi na inakwepa pembeni. Ndiyo maana spika kwenye boksi la kawaida hugeuza asilimia chache tu za umeme inaopewa kuwa sauti. Umeme mwingine wote huwa joto ndani ya koili.

Honi ndiyo mnyororo wa baiskeli hiyo. Mbele ya koni tunaweka njia nyembamba, tuiite koo. Hewa ikiwa ndani ya koo haina pa kukwepea, kwa hiyo koni inapata kitu cha kusukuma. Kutoka hapo njia inapanuka polepole hadi mdomoni, na msukumo ule unakabidhiwa hewa ya nje bila kupotea njiani. Wazee wetu walilijua hilo zamani. Pumzi ya mtu mmoja ndani ya siwa au baragumu huita watu wa mji mzima.

Faida yake inaonekana kwenye mafuta ya jenereta. Tuseme boksi la kawaida linatoa desibeli 96 kwa wati moja, likipimwa umbali wa mita moja, na boksi la honi linatoa desibeli 102 kwa wati hiyo hiyo. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza umeme mara mbili, kwa hiyo desibeli 6 ni mara nne. Sauti ambayo boksi la kawaida linaitoa kwa wati 1,000, honi itaitoa kwa wati 250. Koili nayo haipati moto sana, na spika inadumu.

Besi ni wimbi refu

Kwa nini basi honi ya msikitini haina besi? Sauti husafiri hewani kama mita 345 kwa sekunde siku yenye joto la wastani. Ngoma nzito ya chini hutetema kama mara 40 kwa sekunde, yaani hezi 40. Gawa 345 kwa 40, utapata mita 8.6. Huo ndio urefu wa wimbi moja la besi hiyo, zaidi ya urefu wa nyumba nyingi za vijijini.

Kanuni ya kwanza ni hii: njia iliyo ndani ya honi inatakiwa kufikia angalau robo ya wimbi. Kwa hezi 50, robo ni mita 1.7. Kwa hezi 40 ni kama mita 2.15. Kwa hezi 30 ni mita 2.9. Njia ya honi ya msikitini haifikii hata mita moja, kwa hiyo inabeba sauti ya mtu na kuiacha besi nyuma.

Hapa ndipo watu wengi wanapouziwa umbo tu. Boksi lina mdomo uliopinda vizuri, lakini ukipima njia kutoka kwenye koni hadi nje unakuta sentimita 80. Boksi hilo litapiga kwa nguvu sauti za katikati, na besi ya chini haitapata msaada wowote wa honi. Hakuna amplifaya inayoweza kufidia njia fupi.

Habari njema ni kwamba njia haihitaji kunyooka. Wimbi la besi ni refu kiasi kwamba linapita kwenye kona bila shida, hivyo fundi huikunja njia ndani ya boksi mara mbili au tatu. Urefu unapimwa kwa kufuata katikati ya njia, kona kwa kona.

Mdomo, na siri ya kupanga maboksi pamoja

Kanuni ya pili inahusu mdomo. Kwa hesabu kamili, honi ya hezi 40 inayoning'inia hewani ingehitaji mdomo wa karibu mita 6 za mraba, sawa na ukuta wa chumba kidogo. Hakuna wa kubeba kitu hicho.

Lakini ukiliweka boksi chini, ardhi inafanya kazi ya nusu ya mdomo, na hitaji linashuka hadi mita 3 za mraba. Ukilisogeza kwenye ukuta imara linashuka tena kwa nusu, na kwenye kona ya kuta mbili kwa nusu nyingine. Mmarekani Paul Klipsch, aliyeanzisha kampuni yake katika mji wa Hope, Arkansas, mwaka 1946, alijipatia jina kwa boksi la honi lililosanifiwa kukaa kwenye kona ya chumba, ili kuta na sakafu ziwe mwendelezo wa honi yenyewe.

Kwenye uwanja wa wazi hakuna kona, ila kuna njia nyingine. Ukiweka maboksi manne yakigusana, midomo yake inafanya kazi kama mdomo mmoja mkubwa. Kwa hiyo mazoea ya kuweka boksi mbili za besi kulia na mbili kushoto yanakupotezea sauti ya chini. Ziweke zote pamoja, chini, katikati au upande mmoja. Spika za juu ndizo zigawanywe kulia na kushoto.

Mfano wa vipimo

Tuchukue spika ya inchi 18. Koni yake ina eneo la kama sentimita 1,200 za mraba. Koo la honi ya besi mara nyingi huwa kama nusu ya eneo la koni, kwa hiyo tuseme 600. Upana wa ndani wa boksi tuuache sentimita 60 kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kazi ya kukata iwe rahisi. Kinachobadilika ni kimo cha njia tu:

- mwanzoni, kwenye koo: sentimita 10
- baada ya sentimita 70: sentimita 20
- baada ya sentimita 140: sentimita 40
- mdomoni, baada ya sentimita 210: sentimita 80

Angalia mwendo wake. Kila baada ya sentimita 70 eneo linaongezeka mara mbili. Njia haipanuki ghafla, wala haibaki na upana mmoja kisha ikafunguka mwishoni. Mbao zilizonyooka kati ya vituo hivyo zinatosha, hakuna haja ya kukunja plaiwudi.

Huu ni mfano wa kukuonyesha hesabu, si mchoro wa kukata kesho asubuhi. Nyuma ya spika kunahitajika pia chumba kilichofungwa, na ukubwa wake unategemea spika yenyewe. Ipo programu ya bure ya kompyuta iitwayo Hornresp, iliyotengenezwa na David McBean wa Australia. Unaingiza namba za spika na vipimo vya njia, nayo inakuonyesha besi itakavyotoka kabla hujanunua ubao. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya Windows, hata ile ya zamani ya stationery ya mjini.

Jumlisha njia, chumba cha nyuma na unene wa mbao, na boksi hili linazidi nusu mita ya ujazo. Halipandi bodaboda. Linahitaji kirikuu au guta, na watu wa kulinyanyua.

Mbao, gundi na hewa

Tumia plaiwudi ya milimita 18, si ubao laini wa dari. Pande pana zitiwe pau za kuziimarisha, kwa sababu ubao unaotetemeka unakula nguvu uliyokusudia itoke nje. Kila kiungo kipate gundi ya mbao kwa urefu wake wote, pamoja na skrubu. Misumari peke yake hulegea baada ya harusi chache.

Chumba cha nyuma kisivuje hata kidogo. Mlango wa kutolea spika uwekewe mpira au sponji pembeni na ufungwe kwa bolti. Kupima uvujaji ni rahisi. Piga sauti ya hezi 40 kwa kiwango cha chini, kisha pitisha moshi wa ubani au udi karibu na viungo. Moshi ukicheza mahali, hapo panavuja. Sauti ya majaribio unaipata kwenye programu za simu za kutoa mlio wa hezi unazochagua, ukiunganisha simu na amplifaya.

Spika ipi, na ikatwe wapi

Honi inataka spika yenye sumaku kubwa na koni ngumu. Sabufa nyingi za magari zina koni nzito na mpira laini wa pembeni, na zimetengenezwa kwa maboksi madogo, hivyo hazifai. Kwenye karatasi ya spika tafuta namba inayoitwa Qts. Kwa honi, iliyo kati ya 0.2 na 0.4 ndiyo inayofaa zaidi. Spika isiyo na karatasi ya namba hizo ni ya kubahatisha.

Njia iliyokunjwa hubeba vizuri besi tu. Kuanzia kama hezi 100 au 120 kwenda juu, krosova ikabidhi kazi kwa spika nyingine. Kwa boksi la mfano wetu, sauti za chini ya hezi 35 nazo zikatwe, kwa sababu hapo honi haisaidii tena na koni inaruka bure hadi inapasuka.

Kumbuka pia kwamba besi hupenya ukuta wa matofali na wa udongo kuliko sauti nyembamba. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2022 lilipendekeza kwamba sauti katika kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Honi inafika huko kwa urahisi, kwa hiyo watoto wasikae mbele ya mdomo wake.

Kabla hujatoa kianzio

Si kila mtu anahitaji honi. Ukipiga muziki kwenye ukumbi mdogo, au ukisafirisha vyombo kwa pikipiki, boksi la kawaida litakufaa zaidi. Honi ni ya uwanja, kwa mwenye umeme mdogo na gari la kubebea.

Ukiamua kujenga, muulize fundi maswali manne kabla ya kumpa kianzio. Njia ya ndani ina urefu gani kutoka kwenye koo hadi mdomoni? Mdomo una ukubwa gani? Eneo linaongezekaje njiani? Namba za spika ni zipi? Fundi anayeijua kazi atakujibu kwa sentimita. Akikujibu kwamba boksi kama hilo alilitengenezea DJ fulani na likapiga sana, muombe akupeleke lilipo, uende na tepu yako ya kupimia.