Programu Hii Inategemea Nini?

Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake zaidi ya 250 kutoka npm, ghala la mtandaoni la programu za JavaScript, baada ya mzozo juu ya jina la kimojawapo. Kati yavyo kilikuwemo left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, kinachojaza nafasi kushoto mwa maandishi. Muda si muda, watengenezaji programu katika nchi nyingi wakaona kazi zao zinagoma. Wengi hawakuwahi kukisikia. Walitumia Babel, zana ya kugeuza msimbo wa JavaScript, nayo Babel ilikitegemea.

Programu huria hujengwa juu ya kazi za wengine, na kazi hizo juu ya nyingine tena. Kwa hiyo wanaoshirikiana huandika orodha ya vitegemezi: kwenye JavaScript ni faili la package.json, kwenye Python mara nyingi requirements.txt. Jina peke yake halitoshi. Toleo lisipotajwa, anayepakua leo huenda akapata kitu tofauti na alichopata mwenzake mwezi uliopita, kisha wote wawili wapoteze siku nzima wakitafuta kosa ambalo halimo katika msimbo wao.

OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uliokua kutokana na kazi ya Eldoret, Kenya, ni mfano mzuri. Kila moduli yake hubeba faili la config.xml linalotaja toleo la OpenMRS na moduli nyingine inazozihitaji. Fundi wa hospitali asiyemjua aliyeiandika anaweza kulisoma na kulielewa.

Desemba 2021 thamani ya orodha hizi ilionekana wazi. Kasoro ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari, na taasisi nyingi zilishindwa hata kujua kama zinaitumia maktaba hiyo, kwa kuwa ilijificha ndani ya programu nyingine.

Mipangilio nayo ina utaratibu wake. Nywila haziwekwi hadharani kamwe, faili la .env linalozihifadhi hubaki kwenye kompyuta ya mhusika, na mradi hutoa .env.example lenye majina ya mipangilio bila siri zake.

Unapoongeza kifurushi, basi, andika toleo lake siku hiyo hiyo, na sentensi moja ya kueleza kwa nini umekichagua. Atakayejiunga na mradi mwakani hatakuwa na njia nyingine ya kujua.