Nakala Iliyolala Chumba Kimoja na Asili

Mnamo mwaka wa 2009 nilikaa miezi saba katika mji wa Vanga, karibu na mpaka wetu na Tanzania, na katika kisiwa cha Wasini, nikinasa sauti za wazee wasemao Kivumba, lahaja ambayo yamkini wengi wa wasomaji hawajapata kuisikia hata sentensi moja. Nilirudi na saa 61 za mazungumzo: ngano, majina ya samaki na ya pepo, visa vya ndoa zilizovunjika, na ugomvi wa mashamba ambao wenyewe waliniomba nisiutangaze. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sauti zao niliziweka katika tarakilishi ya ofisi yangu ya chuo, na kwa kuwa nilijihesabu mtu mwangalifu, nilinunua diski ya nje nikazinakili humo pia. Diski hiyo niliichomeka nyuma ya tarakilishi ile ile, na hapo ikakaa miaka.

Asubuhi moja mwenzetu mmoja alifungua baruapepe iliyodai kuwa ni ankara ya vifaa vya ofisi. Kufikia adhuhuri faili zote katika tarakilishi zilizounganishwa na ile yake zilikuwa zimebadilika majina na hazifunguki, na kwenye kioo pamebaki ujumbe wa kutudai pesa za kuzikomboa. Diski yangu ya akiba nayo ilikuwa imefumbwa vivyo hivyo. Programu ya mwizi haikuhitaji ujanja wowote kuifikia, kwani mimi mwenyewe ndiye niliyeiunganisha na kuiacha imeunganishwa usiku na mchana. Nilikuwa nimeiweka nakala chumba kimoja na asili, kisha nikajiona nimehifadhi.

Chuo chenyewe sitakitaja. Sikusudii kumlaumu mtu, na hata ningekusudia, wa kwanza ningekuwa mimi. Nataka kuzungumzia jambo ambalo mashirika yetu, yawe vyuo, hospitali, vyama vya ushirika au afisi za kaunti, hulianza kwa upande usio wake. Tukiambiwa tupange namna ya kuzilinda data zetu, hukimbilia kuuliza ni mashine gani ya kununua na ni kampuni gani ya kupewa zabuni. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine kabisa: kesho tukiamka tukute vyote vimefutika, tutafungua milango ya kazi kwa kutumia nini, na itatuchukua siku ngapi?

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya wanyonge. Tarehe 28 Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza iliyoko London, yenye vitu zaidi ya milioni 170, ilizimwa na kundi la wadukuzi lijiitalo Rhysida. Walikuwa wamebeba takriban gigabaiti 600 za faili. Walidai bitkoini 20, ambazo wakati huo thamani yake ilikaribia pauni 600,000. Maktaba ilikataa kulipa, na mwishoni mwa Novemba sehemu kubwa ya faili hizo, zikiwamo habari za kibinafsi za wafanyakazi, ikamwagwa katika pembe za giza za mtandao. Orodha ya vitabu, ambayo ndiyo jicho la maktaba yoyote, haikurejea hata kwa kutazamwa tu hadi tarehe 15 Januari 2024.

Jambo lililonifanya niiheshimu Maktaba hiyo ni kwamba mnamo Machi 2024 ilichapisha taarifa yake yenyewe, ikaeleza kwa uwazi palipovunjika. Laiti kila shirika linalopatwa na msiba wa namna hii lingefanya hivyo, badala ya kutoa tangazo la mistari mitatu kwamba mitambo inafanyiwa matengenezo.

Taarifa hiyo inaeleza kuwa mlango uliotumiwa na wezi, kwa kadiri ilivyoweza kubainishwa, ulikuwa seva iliyowekwa mnamo Februari 2020 ili washirika na wanakandarasi wa nje waweze kuingia katika mitambo kutoka mbali. Ukaja ugonjwa wa Korona, watu wakafanya kazi majumbani, na mlango ule ukawa njia kuu. Maktaba ilikuwa imekwisha kuleta uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri kisha nambari ya ziada kama ile tunayotumiwa na benki kwenye simu, lakini seva hiyo iliachwa nje ya utaratibu kwa sababu za gharama na usumbufu. Alama za kwanza za wageni hao ndani ya mtandao ni za tarehe 25 Oktoba, siku tatu kabla ya kishindo. Walipokuwa ndani, pamoja na mbinu nyingine, walitafuta faili zenye maneno kama vile pasipoti na siri. Kwa mtu wa taaluma yangu hilo ni somo chungu: tunaandika SIRI juu ya faili ili wenzetu waiheshimu, na neno lilo hilo humwonyesha mwizi pa kuanzia.

Hata hivyo, sehemu iliyonigusa zaidi ni nyingine. Nakala za makusanyo ya kidijitali zilikuwapo, salama. Isipokuwa hapakuwa na mahali pa kuzirejeshea. Wezi walikuwa wameharibu baadhi ya seva ili kuficha nyayo zao na kuchelewesha ukarabati, na mingi ya mitambo iliyokuwapo ilikuwa mikongwe kiasi kwamba haingeweza kuinuliwa tena, ama kwa kuwa watengenezaji wake hawaishughulikii, ama kwa kuwa haingekubaliana na kanuni mpya za usalama. Mfano wake ni mkulima aliyeiponya mbegu yake na moto, kisha akakuta shamba lenyewe limeliwa na bahari.

Msomaji atauliza, hayo ya London yanatuhusu nini? Yanatuhusu moja kwa moja. Chini ya mpango wa Maktaba hiyo wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha, na picha hizo zikawekwa katika mtandao wake ili msomi wa popote aweze kuzisoma. Mitambo ya London ilipozimika, aliyezitegemea picha hizo pekee alibaki mikono mitupu, awe yuko Berlin au Nairobi. Karatasi zenyewe za Lamu hazikudhurika hata kidogo. Kwa miaka mingi tumehubiriwa kwamba karatasi ndiyo dhaifu, inayoliwa na mchwa na unyevu wa pwani, na kwamba usalama uko katika picha ya tarakilishi. Ukweli ni kwamba kila moja ina adui wake, na kinga hupatikana pale ambapo adui wa hii si adui wa ile.

Wazee wetu waliifahamu kanuni hiyo bila tarakilishi. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mnamo miaka ya 1840, yalikuwa yakiishi katika vinywa vya watu. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, na mmishenari W. E. Taylor akayanakili na kuyahifadhi katika karatasi zake. Karatasi za Taylor zilifika London, na mnamo 1940 William Hichens akayatoa kitabuni huko Johannesburg. Kinywa, hati ya mwalimu, karatasi za mgeni, kitabu: vyombo vinne, mikono minne, na miji zaidi ya mmoja. Wataalamu wa leo wana kanuni yao ya tatu, mbili, moja, yaani nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Sioni kama wamemzidi sana Mwalimu Sikujua.

Zaidi ya hayo wameongeza sharti moja ambalo ndilo lililoniponza, kwamba angalau nakala moja iwe imetengwa na mtandao, haiguswi na waya wala mawimbi. Thamani ya sharti hili ilionekana tarehe 27 Juni 2017, siku programu iitwayo NotPetya ilipotoka Ukraine na kuikumba kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona kila siku katika barabara ya Mombasa. Seva zake zilizokuwa na orodha ya watumiaji wote na haki zao, ambazo zilizoeleka kunakiliana zenyewe kwa zenyewe, zilifutika zote ulimwenguni. Kila moja ilikuwa akiba ya nyingine, kwa hiyo zikafa pamoja. Iliyosalia ni moja tu, nchini Ghana, na ilisalia kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya programu ile kufika. Kampuni hiyo ilikadiria hasara yake kuwa dola kati ya milioni 250 na milioni 300, na ilijengwa upya kuanzia kwenye diski moja iliyookolewa na kukatika kwa umeme. Sisi tuliozoea kuilaani giza la ghafla tunaweza kulisamehe mara hiyo moja. Ila mpango wa shirika haufai kuwa wa kutegemea bahati ya stima kupotea.

Hapa naomba nirudi kidogo kwenye uwanja wangu. Magazeti yetu husema data zimepotea. Mbuzi akipotea, mwenyewe hana, na pengine hakuna aliye naye. Data ikiibwa, aghalabu mwenyewe bado anayo, na mwizi naye anayo. Hilo ni kuvuja, si kupotea, na dawa zake ni mbalimbali, tena hugombana. Dawa ya kupotea ni kuongeza nakala. Dawa ya kuvuja ni kuzipunguza, kwa kuwa kila nakala ni mlango mmoja zaidi. Shirika lisilotenganisha mambo haya mawili hujikuta likitibu ugonjwa mmoja kwa kuuchochea wa pili: nakala za rekodi za wagonjwa zinasambazwa katika flashi kumi kwa hofu ya kupotea, na baada ya mwezi flashi mbili hazijulikani zilipo. Ndipo nakala za akiba zinapostahili kufumbwa kwa neno la siri, na neno hilo lijulikane na watu wawili au watatu walioandikwa kwa majina, wala si na mtu mmoja anayeweza kustaafu nalo. Baadhi ya wafasiri wa programu wameiita nakala ya akiba chelezo, na mimi nalipenda neno hilo. Chelezo ni boya linaloelea kumwonyesha baharia ilipo nanga yake. Boya lililozama pamoja na nanga halimwonyeshi mtu kitu.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalitaka shirika, pale data za watu zinapofikiwa na asiye na ruhusa na pakawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, limwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Saa 72 ni siku tatu. Shirika lisilojua lina data gani, ziko wapi na nani anazishika haliwezi kuandika barua hiyo ya kweli katika siku tatu, seuze kuwaeleza wenye data ni nini kilichochukuliwa.

Kwa hiyo orodha ndiyo mwanzo, na si kazi ya fundi peke yake. Msajili ndiye ajuaye kwamba alama za wanafunzi waliomaliza haziwezi kutungwa upya, ilhali ratiba ya madarasa inaweza kuandikwa tena kwa wiki moja. Mhasibu ndiye ajuaye ni siku gani ya mwezi mitambo yake haiwezi kulala. Fundi akiachiwa peke yake atavilinda vyote sawasawa, na fedha zitamwishia njiani. Orodha ikishapatikana, yapo ya kufanya yasiyohitaji zabuni: kufunga akaunti za walioondoka kazini, kuuliza kila mwanakandarasi anaingilia mlango upi na kwa nini bado anao, kuizima mitambo ambayo haina tena mtengenezaji wa kuitibu, na kutompa kila mtu haki ya kufuta kila kitu.

La mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote, nalo ni kujaribu kurejesha. Nimewauliza wakuu kadhaa wa idara kama wana nakala za akiba, na wote wamejibu kuwa wanazo. Nikawauliza ni lini mara ya mwisho walipochukua nakala hiyo, wakaifungua katika tarakilishi tupu, na kufanya kazi ya siku moja kwa kuitumia. Mmoja alicheka. Mwingine alisema angemuuliza kijana wa tarakilishi. Mimi mwenyewe nisingekuwa na jibu, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi hata mara moja kuichomoa diski yangu na kuijaribu kwingine.

Baada ya msiba wangu nilirudi Vanga. Nilikumbuka kwamba wakati ule wa utafiti niliwachomea wazee sidii za mazungumzo yao, kama shukrani tu, bila kuwazia akiba. Sidii mbili nilizikuta zimetundikwa kambani katika shamba la mpunga, zikimemeteka kuwafukuza ndege. Nyingine zilikuwa zimechubuka hata hazisomeki. Lakini mjukuu wa mmoja wa wazee hao alikuwa ameihamisha ya babu yake katika simu, kisha katika simu ya pili alipoibiwa ya kwanza, na dada yake aliyeolewa Tanga alikuwa nayo pia. Katika saa 61 nimepata 9.